Nyambizi, tufe la titani au roboti: uchague kipi kwa kina kipi

Mtu anayetaka kupeleka watu, kamera au mkono wa chuma chini ya bahari huuliza kwanza chombo kinafika mita ngapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kikishafika huko, nini kitakirudisha juu, na hicho kikikwama kuna kingine? Kwenda chini hakuhitaji ufundi. Jiwe hufika mita 10,900 bila injini wala rubani. Vyombo vinavyolinganishwa hapa vinatofautiana hasa kwa namna vinavyoibuka, na kutokana na hilo utajua ganda lake ni nene kiasi gani, kinabeba watu wangapi na kinaweza kukaa chini saa ngapi.

| Chombo | Kina cha kawaida | Kinachokirudisha juu |
|---|---|---|
| Nyambizi ya kijeshi | mita 200 hadi 500 | mwendo na mapezi, pampu, hewa iliyoshindiliwa |
| Chombo kidogo cha tufe la akriliki (plastiki angavu) | hadi mita 1,000 hivi | rafadha (panga za kusukuma maji), tangi dogo, uzito wa kuachia |
| Chombo cha utafiti chenye tufe la titani (metali nyepesi na imara) | mita 4,000 hadi 6,500. Vichache hadi 11,000 | uzito wa kuachia na povu la kuelea |
| Roboti ya kebo | mita 3,000 hadi 6,000 | kebo, na wepesi wake yenyewe |
| Roboti huru isiyo na kebo | mita 3,000 hadi 6,000 | wepesi wake, uzito wa kuachia |
| Boya la kupima bahari | mita 2,000 | mafuta yanayosukumwa kwenye mfuko |

Maji yanasukuma kiasi gani

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban kilo 1 ya msukumo kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mita 300 ni kilo 31, kwa mita 1,000 ni kilo 103, na kwenye shimo la Challenger, mahali penye kina kikubwa kuliko pote baharini, ni zaidi ya kilo 1,100. Namba hizi huonekana ndogo mpaka uzizidishe kwa eneo. Mfuniko wa mlango wenye kipenyo cha sentimita 60 hubeba tani 87 kwa mita 300. Ushushe mpaka mita 10,900 na mzigo wake unapita tani 3,100.

Umbo la ganda ndilo linaloamua kama mzigo huo utabebeka. Kupata mkazo ndani ya ukuta wa tufe, zidisha shinikizo kwa nusu ya kipenyo, kisha gawanya kwa unene mara mbili. Ukuta wa mtungi mrefu unagawanya kwa unene mara moja tu. Chukua ganda lenye nusu kipenyo ya mita 1, kwa kina cha mita 1,000, na feleji (chuma kigumu) unayoiruhusu kubeba megapaskali 350, ambapo megapaskali 1 ni karibu kilo 10 kwa sentimita ya mraba: tufe litataka unene wa milimita 14, mtungi utataka 29. Ndiyo maana karibu kila chombo cha kwenda mbali sana chini hubeba watu ndani ya tufe. Nyambizi ya kijeshi hubaki na umbo la mtungi kwa kuwa tufe halina nafasi ya injini, vitanda na silaha, na hulipia nafasi hiyo kwa kina.

Hesabu hiyo haitoshi yenyewe. Ganda lisilo duara kamili huanza kubonyea kabla feleji haijafika kikomo cha nguvu zake, na kosa la milimita chache kwenye mviringo hupunguza kina kuliko wengi wanavyodhani. Mbavu zinazozunguka ndani ya nyambizi zipo kwa kazi hiyo: kuuzuia mviringo usilegee.

Nyambizi ya kijeshi: hewa na mwendo

Nyambizi ina ganda gumu la ndani, wanamokaa watu, na matangi makuu ya farumi (maji ya kuongeza uzito) yaliyo nje ya ganda hilo. Matangi hayo ni ya bati jembamba, na mtu akiyaona anashangaa kwa nini hayapondeki. Hayapondeki kwa sababu yana matundu chini. Maji yakishaingia, shinikizo la ndani na la nje ni lile lile.

Kuzama kunakwenda hivi. Milango yote hufungwa na ubao wa taa huthibitisha kila mmoja. Vali zilizo juu ya matangi hufunguliwa, hewa inatoka kwa kishindo, na maji yanapanda ndani kupitia matundu ya chini. Matangi yakijaa, nyambizi inakuwa na uzani unaokaribiana na wa maji iliyoyaondoa mahali pake, haiporomoki. Kinachoishusha sasa ni mapezi yaliyoinamishwa na rafadha inayoisukuma mbele. Ikishapita mita kadhaa, vali za juu hufungwa tena, ili matangi yawe tayari kupokea hewa wakati wowote. Nyambizi za Ujerumani za aina ya VII, katika Vita Kuu ya Pili, zilitoweka juu ya maji kwa takriban nusu dakika, mabaharia wakiwa tayari wameshajipanga.

Kazi ya kitaalamu zaidi ni ya matangi madogo ya kusawazisha. Kabla ya kuondoka huhesabiwa chakula, mafuta, silaha, watu na maji ya kunywa, na kiasi cha farumi hurekebishwa kulingana na hesabu hiyo. Maji yenyewe hubadilika. Nyambizi ya tani 2,000 ikitoka kwenye maji ya kilo 1,025 kwa mita ya ujazo na kuingia kwenye maji ya kilo 1,020, kama yale yaliyochanganyika na maji ya mto mkubwa, huwa nzito kwa karibu tani 10 bila mtu kugusa kitu. Wahandisi wasiposukuma tani hizo nje kwa pampu, nahodha atalazimika kwenda na omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuliwa ili tu asishuke. Kina nacho kina tatizo lake: ganda husinyaa kidogo kadiri linavyoshuka, linaondoa maji pungufu, na nyambizi inakuwa nzito zaidi. Anayeshuka haraka na kusahau hili hujikuta anashuka kuliko alivyokusudia.

Kuna njia tatu za kurudi juu. Ya kila siku ni mwendo: mapezi yanainuliwa na rafadha inasukuma. Ya pili ni pampu, inayotoa maji ya matangi madogo polepole. Ya tatu, ya dharura, ni kupuliza hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi makuu. Hii ya tatu inaaminiwa kupita kiasi na watu wasioijua, kwa hiyo itazamwe kwa hesabu. Chukua mitungi ya hewa yenye ujazo wa jumla wa mita 1 ya ujazo, iliyoshindiliwa mara 250 ya hewa ya kawaida. Kwa mita 10 itafukuza maji mita za ujazo 124. Kwa mita 300 itafukuza 7 tu. Kwa mita 1,000 ni moja na nusu, na ikifika karibu mita 2,500 haitoi hata tone, kwa kuwa maji ya nje yanasukuma sawa na hewa iliyo ndani ya mtungi. Hapo ndipo njia ya hewa inapokwisha, na ndiyo sababu hakuna chombo cha mita 6,000 kinachotegemea hewa kuibuka.

Hewa ina tatizo jingine. Inapotoka kwenye mtungi kwa kasi hupoa vibaya, na unyevu uliomo huganda. Nyambizi Thresher ya Marekani ilipotea tarehe 10 Aprili 1963 ikiwa na watu 129, kwenye majaribio ya kina mashariki ya Cape Cod. Majaribio yaliyofanywa baadaye bandarini kwa nyambizi ya aina hiyo yalionyesha vichujio vya mabomba ya hewa vikizibwa na barafu baada ya muda mfupi tu wa kupuliza. Mwaka huo huo jeshi la majini la Marekani lilianzisha mpango wa SUBSAFE, unaodai ushahidi wa maandishi kwa kila bomba, vali na uchomeleaji unaogusana na shinikizo la bahari. Ukiulizwa kwa nini vikaushio vya hewa ni vikubwa hivyo kwenye nyambizi za siku hizi, jibu liko hapo.

Mambo mawili mengine huiharibia nyambizi. Moja ni mapezi ya tezi, yaani ya nyuma, kukwama yakiwa yameinama. Kwa mwendo wa noti 20 (karibu mita 10 kwa sekunde) na omo imeinama digrii 20, chombo hushuka mita 3.5 hivi kila sekunde; kutoka mita 150 mpaka 300 ni sekunde 43. Kwa hiyo manahodha huwekewa mpaka: ukienda kasi sana usiwe chini sana, wala karibu sana na uso wa bahari. La pili ni bomba kupasuka. Tundu la sentimita 5 kwa mita 300 huingiza takriban tani 5 za maji kwa dakika, kwa nguvu inayoangusha mtu na kuharibu mitambo ya umeme iliyo mbali.

Kuhusu kina chenyewe, kuna namba tatu tofauti na usizichanganye. Kina cha kazi ni kile cha kila siku. Kina cha majaribio ni kile ambacho chombo kipya hushushwa mara chache ili kuthibitishwa. Kina cha kupondeka ni pale ganda linaposhindwa. Mataifa huficha namba hizi. Jeshi la majini la Marekani husema tu kwamba nyambizi zake hupita mita 243, yaani futi 800. Rekodi ya nyambizi ya kivita ni ya K-278 Komsomolets ya Umoja wa Kisovieti, yenye ganda la titani, iliyofika mita 1,020 mwaka 1984. Haikuangushwa na shinikizo. Iliungua tarehe 7 Aprili 1989 katika Bahari ya Norway, ikaibuka, kisha ikazama na watu 42 wakafa. ARA San Juan ya Argentina, iliyopotea Novemba 2017 na watu 44, ilikutwa kwenye mita 907, na KRI Nanggala ya Indonesia, iliyopotea Aprili 2021 na watu 53, kwenye mita 838. Vina vyote viwili ni mbali sana kupita uwezo wa nyambizi hizo.

Kwa anayechagua, nyambizi ni jibu kwa haja moja tu: kukaa chini ya maji wiki au miezi, watu wengi, kwa siri na kwa mwendo mrefu. Haina dirisha, haiwezi kusimama karibu na mwamba na kuokota kitu, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari iko nje ya uwezo wake. Anayetaka kuona chini asiifikirie.

Tufe la akriliki: kuona vizuri mpaka mita 1,000

Hapa ganda lote ni kioo cha plastiki nene, watu wawili au watatu wamekaa katikati na bahari imewazunguka. Kwa kutazama viumbe hakuna kinachokikaribia.

Chombo hiki kina matangi ya farumi kama nyambizi, lakini matangi hayo kazi yake ni juu tu: kukiinua ili mlango uwe mbali na mawimbi. Yakijaa maji, chombo hubaki chepesi au kizito kwa kilo chache, na rubani humalizia kwa tangi dogo gumu lenye pampu. Rafadha ndogo za umeme humpandisha na kumshusha. Zikifa zote, huachia uzito wa chuma ulio chini, na chombo huondoka kwenda juu chenyewe. Kwa mita 1,000 hewa bado ingeweza kusaidia, lakini kwa bei kubwa kama ulivyoona, ndiyo maana uzito huwa juu ya orodha.

Udhaifu wake ni nyenzo yenyewe. Akriliki inayobanwa muda mrefu hujikunja polepole na hairudi kamili; joto huilegeza; mikwaruzo na baadhi ya dawa za kusafishia huianzishia nyufa nyembamba kama nywele. Kanuni za usanifu zinazofuatwa na wengi huipa dirisha la kawaida miaka 10, kisha libadilishwe au lithibitishwe upya hata kama linang'aa. Chombo kilichoachwa juani sitahani bila kifuniko kinastahili maswali makali.

Kwa kazi isiyopita kina cha mita 1,000 inayohitaji macho ya mtu, hiki ndicho cha kuchukua. Kushuka chini ya hapo kwa akriliki kunawezekana, ila ukuta unakuwa mnene na mzito kiasi kwamba faida yake yote inaanza kupotea.

Tufe la titani: uzito wa kuachia

Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa chombo cha kina kirefu, ngama (tumbo la chini la jahazi) ni pale kwenye uzito wa chuma ulioning'inizwa chini yake, kwani safari nzima inauzunguka.

Chombo hubebwa na meli mpaka mahali, kikashushwa kwa winchi. Kimefungiwa vipande vya chuma vya kutosha kukifanya kizito. Hushuka chenyewe, karibu bila kutumia umeme, kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika. Mita 6,500 ni saa tatu na nusu. Kikikaribia sakafu huachia sehemu ya uzito, kikawa hakipandi wala hakishuki, kisha rafadha hufanya kazi. Muda ukiisha huachia uzito uliobaki na kupanda saa nyingine tatu au zaidi. Kwa hiyo siku nzima ya kazi hutoa saa tatu au nne tu chini. Anayepanga mradi ahesabu hizo, asihesabu siku.

Kinachokifanya kiwe chepesi bila uzito huo ni povu gumu: vishanga vidogo mno vya kioo, vyenye utupu ndani, vilivyogandishwa kwenye gundi ngumu. Povu la mita 6,000 ni zito kuliko la mita 2,000, maana vishanga vyake vina kuta nene zaidi. Kabla ya povu hilo, chombo kiitwacho Trieste kilitumia petroli. Tarehe 23 Januari 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka nacho mpaka chini ya shimo la Challenger, wakining'inia chini ya tangi lenye lita 85,000 za petroli, pamoja na tani 9 za vipande vya chuma vilivyoshikiliwa kwa sumaku ya umeme. Petroli hubanwa kuliko maji na hupoa njiani, hivyo chombo kilizidi kuwa kizito kadiri kilivyoshuka, na iliwabidi waendelee kumwaga chuma. Safari ya kwenda ilichukua karibu saa tano, ya kurudi tatu na robo. Sumaku ilichaguliwa kwa sababu nzuri ambayo bado inafuatwa: umeme ukikatika, chuma kinaanguka chenyewe.

Ukipewa chombo cha namna hii, hesabu njia za kuachia uzito. Ziwe angalau tatu zisizotegemeana: ya umeme, ya mkono au ya shinikizo la mafuta, na moja isiyohitaji mtu kabisa. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni kiungo cha metali kinacholiwa na maji ya chumvi na kukatika baada ya saa kadhaa. Watu ndani wakiwa wamezirai, chombo bado kitapanda.

Hatari halisi ya kina hiki ni kunaswa, maana uzito ulioachiwa hausaidii kitu chombo kikiwa kimeshikwa na kamba. Agosti 2005 chombo cha Urusi AS-28 kilinaswa pwani ya Kamchatka kwenye mita 190 tu, watu saba ndani, na kiliokolewa baada ya siku tatu hivi na roboti ya Uingereza iliyokata nyavu na nyaya. Mwaka 1973 chombo Johnson Sea Link kilinaswa huko Florida kwenye mabaki ya meli iliyozamishwa. Wawili kati ya wanne walikufa kwa hewa chafu: chumba chao cha alumini kilipoa haraka, na dawa ya kufyonza kaboni dioksaidi ikadhoofika kwa baridi. Mtu mmoja hutumia karibu kilo 0.8 za oksijeni kwa siku na kutoa kilo 1 ya kaboni dioksaidi. Oksijeni kila mtu huikumbuka. Dawa ya kufyonza ndiyo ya kupimwa, na ipimwe kwa nyuzijoto 2, kwani sakafu ya bahari kuu ni baridi hivyo. Akiba ya saa 72 hadi 96 kwa kila mtu ndiyo desturi.

Sasa nyenzo. Feleji ni nafuu, inachomeleka na tabia yake inajulikana, ila ni nzito. Titani ina uzito wa kidogo zaidi ya nusu ya feleji, nguvu zake zinakaribiana na za feleji bora, na bahari haiili. Kuichomelea kunataka mazingira yasiyo na hewa, na bei inafuata. Tufe la chombo Limiting Factor, lililoanza safari za mita 10,900 mwaka 2019, ni la titani yenye unene wa milimita 90 na kipenyo cha ndani cha mita 1.5. Ukiliweka kwenye kanuni ya hapo juu unapata mkazo wa karibu megapaskali 490, dhidi ya zaidi ya 800 ambazo aloi hiyo huvumilia. Nafasi hiyo kati ya namba mbili ndiyo unayonunua. Fendouzhe ya China, iliyofika mita 10,909 tarehe 10 Novemba 2020 na watu watatu, nayo ni ya aloi ya titani.

Nyuzi za kaboni zilizofungwa kwa gundi ni jambo tofauti, na hapa ushauri ni mmoja: usipande. Nguvu za nyuzi hizo ziko kwenye kuvutwa, ilhali bahari inabana. Matabaka yakiwa na kijipovu au mkunjo, kila safari inaufungua kidogo, na hakuna kipimo cha kuaminika cha kusema zimebaki safari ngapi. Chombo Titan, kilichokuwa kikielekea kwenye mabaki ya Titanic kwenye mita 3,800, kiliangamia tarehe 18 Juni 2023 na watu watano. Ganda lake lilikuwa mtungi wa kaboni, umbo dhaifu kwa nyenzo isiyofaa, na halikuwa na cheti cha shirika lolote la kukagua vyombo. Mlio mkubwa uliosikika mwisho wa safari moja mwaka 2022 ulikuwa dalili ya matabaka kuachana, na ganda likaendelea kutumika.

Roboti: hakuna mtu wa kurudisha

Ukimwondoa mtu, tufe kubwa linaondoka. Roboti ya kebo ina makasha madogo tu ya kompyuta na kamera. Mota na nyaya zake huzamishwa kwenye mafuta yenye mfuko laini unaoruhusu shinikizo la bahari kuingia, hivyo hakuna cha kupondwa. Povu huifanya iwe nyepesi kwa kilo chache. Umeme ukikatika inaelea kuja juu, ikiwa kebo haijaizuia.

Kebo ndiyo nguvu na ndiyo udhaifu. Inaleta umeme usiokwisha na picha papo hapo, kwa hiyo kazi huenda siku nzima na usiku, wataalamu wakipokezana juu melini. Lakini kilomita kadhaa za kebo huvutwa na mkondo kama tanga, na meli ikiinuliwa na wimbi kebo hukaza na kulegea mpaka nyuzi zake zinachoka. Kwa hiyo kebo nzito humalizikia kwenye kibanda cha chuma kinachoning'inia karibu na sakafu, na roboti hutoka humo kwa kebo ya pili, nyembamba. Kaikō ya Japani ilifika chini ya shimo la Challenger mwaka 1995 kwa mpango huo, na mwaka 2003 ikapotea kebo hiyo ya pili ilipokatika. Nereus ya Marekani, iliyofika mita 10,902 mwaka 2009, ilipotea Mei 2014 kwenye mita 9,900 katika mtaro wa Kermadec, yaelekea baada ya moja ya matufe yake ya kauri kupasuka. Hasara kubwa, ila hakuna familia iliyopigiwa simu.

Roboti huru haina kebo. Hupangiwa njia, hushuka, huchora sakafu kwa sona (kupima kwa mwangwi wa sauti) na kurudi betri ikikaribia kwisha. Kuchora eneo kubwa, hiyo ndiyo. Isitegemewe kuamua jambo jipya huko chini, wala kuonyesha picha za moja kwa moja, maana redio haipiti majini na sauti husafiri mita 1,500 kwa sekunde: neno kutoka mita 10,900 hufika juu baada ya sekunde saba.

Boya la Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, ni dogo kuliko vyote na ufundi wake ni mzuri kuliko yote. Pampu husukuma mafuta chini ya lita moja kutoka ndani ya ganda kwenda kwenye mfuko wa mpira ulio nje; uzani haubadiliki, ujazo unaongezeka, boya linapanda. Mafuta yakirudi ndani, linashuka. Kila siku 10 huenda mpaka mita 2,000 na kurudi likipima joto na chumvi, kwa miaka kadhaa. Kama haja ni namba za maji na si picha, mengine yote ni gharama bure.

Ukishaijua kazi

Kukagua bomba, kukata waya, kuchukua sampuli nyingi: roboti ya kebo, kwa kina chochote. Kutafuta kilichopotea bila kujua kiko wapi: roboti huru kwanza, ya kebo baadaye. Mtaalamu anayehitaji kuona mwendo wa kiumbe na kubadili mpango papo hapo: akriliki mpaka mita 1,000, titani chini ya hapo. Hata kwake, tungemwuliza mara mbili kama kamera nzuri haitoshi.

Ukiamua kupanda mwenyewe, cheti cha ganda kiwe cha shirika huru la ukaguzi na kitaje kina kwa namba na idadi ya safari zilizokwisha kufanyika. Uliza meli inashushaje chombo, maana ajali nyingi hutokea juu: chombo cha utafiti Alvin kilizama mita 1,500 mwaka 1968 kwa sababu nyaya za kukishushia zilikatika mlango ukiwa wazi, na watu watatu waliponea kwa kuruka. Siku yenyewe kila mtu apimwe uzani akiwa na nguo na mizigo yake, na maji ya mahali hapo yapimwe chumvi. Kisha chombo kisimame kwenye mita 10 au 20, pale wapiga mbizi wanapoweza kufika, na rubani ajaribu kuachia uzito mmoja. Usipoanguka, kirudishwe sitahani siku hiyo hiyo.